Kulala Upande wa Kuuza

Mtwara, 9 Januari 1950

Mdogo wangu Ismaili,

Pokea salamu mpya, maana zile za mwaka jana hukuzijibu na nadhani zimeshachacha. Sisi wazima. Mama mkubwa Somoe anakusalimu; miguu inamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Mikorosho yetu ya Mpapura imezaa vizuri. Wanangu wote wawili wameolewa, mmoja yuko Mahurunga na mwingine Madimba, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi na Mama mkubwa na kuku. Na ile nyumba yako ya bati huko Tanga, uliyotuandikia kwamba ina madirisha ya vioo, inaendeleaje?

Sasa nisikilize. Mtwara si ile uliyoiacha. Wazungu wamekuja na bandari na reli kwa ajili ya karanga, ambazo zenyewe hatujaziona. Wanajenga mji, na mji huo wameuchora kwanza kwenye karatasi wakaupaka rangi. Penye kijani ni pa kulala. Penye nyekundu ni pa kuuza na kuweka bidhaa. Ukilala kwenye nyekundu umekosa, na ukiuza kwenye kijani umekosa.

Mpaka wa rangi hizo ulikuwa upite nyuma ya choo chetu, tusidhurike. Lakini siku walipokuja kupima, Mama mkubwa alikuwa ameweka unga wa tambiko shinani mwa mkwaju, pale ubavuni mwa nyumba, kuwaombea marehemu wetu kama unavyojua. Wapimaji wao walikuwa wanaweka chokaa kila penye pembe. Mmoja wao, mshika mnyororo wa kupimia, akauona unga, akadhani ni chokaa ya mwenzake aliyetangulia, akavuta mnyororo mpaka pale. Mstari ukapita katikati ya nyumba yetu. Kesho yake Mama mkubwa akaenda kutazama unga wake, akaukuta na chokaa yao pembeni, haujatawanyika hata chembe. Akasema mizimu imekubali. Kwa hiyo yeye hawezi kunisaidia kulalamika.

Ndugu yangu, tazama maajabu. Barazani, ninapouzia vitumbua, pamekuwa pa kulala. Vyumbani, tunapolala, pamekuwa pa kuuza. Nilikwenda ofisini kwa karani wao, anaitwa Salumu, nikamweleza habari ya unga. Akasema ramani imekwenda Dar es Salaam na imerudi na muhuri, haiwezi kuwa na kosa. "Nyumba ndiyo iliyokaa vibaya, mama." Tusipojirekebisha kabla ya Maulidi ijayo watakuja kuivunja, na sisi tutapewa kiwanja huko porini. Mama mkubwa ameapa kwamba hatoki humu akiwa hai.

Nyumba hii mama yetu aliniachia mimi, lakini neno la nyumba, kwa desturi yetu, husemwa na mjomba, na mjomba ni wewe. Njoo uliseme.

Ni mimi dada yako,
Zuhura


Tanga, 20 Februari 1950

Dada yangu Zuhura, mwenye subira,

Barua yako nimeipokea na kuisoma mara nyingi, nyingine kwa sauti mbele ya watu, nao wamekusikitikia. Mimi mzima. Mkonge unakatwa, jua ni kali, samaki ni ghali. Kuhusu nyumba ya bati, ni kweli mvua za huku hupiga kelele sana juu ya bati. Msalimie Mama mkubwa na umwambie apunguze kutambika mpaka wapimaji waondoke.

Dada, mambo haya ya rangi sisi watu wa Tanga tuliyazoea zamani, kwa hiyo usitetemeke. Kosa la watu wengi ni kubishana na ofisi. Ofisi haibishiwi, inatiiwa mpaka yenyewe ione haya. Sheria imesema barazani ni pa kulala? Kalale barazani. Imesema chumbani ni pa kuuza? Kauzie chumbani. Toa kitanda kipeleke nje, chukua kikaango kiingize ndani. Siku ile ile utakuwa mtu wa sheria kuliko bwana mkubwa mwenyewe, na hakuna atakayethubutu kugusa fito moja ya nyumba ya mama yetu.

Ningekuja, lakini kazi imenibana. Nyapara hawezi kuniachia, ananitegemea mno.

Ndimi mjomba wa nyumba,
Ismaili


Mtwara, 2 Aprili 1950

Ewe mjomba wa nyumba unayeitazama kutoka Tanga,

Tuko wazima, hata Mama mkubwa, ingawa yeye alikufa kidogo mwezi uliopita. Nitakueleza. Mvua zimeanza. Hukunijibu kuhusu madirisha ya vioo.

Nilifuata maneno yako. Tukatoa kitanda tukakiweka barazani, kikaango nikakiingiza chumbani. Usiku wa kwanza Mama mkubwa akalala chali kama kawaida yake, amejifunika shuka nyeupe mpaka puani kwa sababu ya mbu. Alfajiri mzee Selemani akapita akienda msikitini. Akaona kitanda kiko nje, na juu yake mtu ametulia ndani ya shuka nyeupe. Wewe ungedhani nini? Akasema "Inna lillahi," akaenda kutangaza.

Kulipopambazuka, uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wametandika majamvi, wanawake wamekuja na kuni na mchele, na vijana walikuwa wameshaulizia majembe. Kelele zikamwamsha Mama mkubwa. Akaketi, akauliza nani amekufa.

Wakamwambia, "Wewe."

Akasema, "Mbona mimi sikuambiwa?"

Wengine walikimbia. Waliobaki wakaona haya kurudi na vitu vyao, maana kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani kwa mwenyewe. Nami nifanye nini na mchele wote ule? Nikautwanga, nikapika vitumbua, wakaingia chumbani wakavinunua. Ulikuwa msiba mzuri sana.

Lakini hatuwezi kuendelea hivi. Mvua inatulowesha barazani. Wateja wakija alfajiri hupita kando ya kitanda, na kuna wanaosoma Fatiha kwanza ndipo waagize. Kuku wamekataa kabisa kulala upande wa kulala. Na juzi Salumu karani alikuja kukagua, akamkuta Mama mkubwa amesinzia chumbani karibu na kikaango. Akatoa kalamu akaandika kwamba mtu amelala eneo la biashara. Mama mkubwa akamwambia, "Sikulala, nilifumba macho. Kufumba macho nako kuna rangi yake?" Salumu akairudisha kalamu mfukoni, akasema ataenda kuuliza. Mpaka leo hajarudi na jibu.

Ismaili, fimbo ya mbali haiui nyoka. Panda meli uje.

Zuhura


Tanga, 14 Mei 1950

Dada mpendwa,

Tumecheka na tumelia. Mpe Mama mkubwa pole ya kufa na hongera ya kufufuka. Mimi mzima, kikohozi kidogo tu. Unauliza habari za madirisha: kioo ni kitu cha kuvunjika, dada, tusikizungumze.

Nimelifikiri jambo lako siku nyingi. Kosa letu ni kwamba tulihamisha vitu tukaiacha nyumba. Sasa hamisha nyumba. Nyumba ya miti na udongo si mlima! Paa liache, nguzo ziache. Ile baraza ya mbele ikandike kuta, iwe vyumba vya kulala. Vile vyumba vya nyuma bomoa kuta zake, iwe baraza ya kuuzia, na mlango utazame huko kwenye maghala yao. Kisha utalala ndani penye kijani, na utauza nje penye nyekundu, kama binadamu. Mvua zikikatika waite watu wakandike, uwapikie.

Nina mpango mwingine pia lakini sitaki kukusumbua nao.

Kuja siwezi kwa sasa. Usiniulize sana.

Ismaili


Mtwara, 25 Julai 1950

Ismaili,

Idi imepita salama, tulikuombea. Mama mkubwa alifunga mwezi mzima ingawa tulimkataza. Salamu zimekwisha.

Mwezi wa Juni niliita watu. Walikuja wa mtaani, walikuja na wakwe kutoka Madimba na Mahurunga. Wakachimba udongo, wakakanyaga, wakakandika, wakaimba. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti katikati ya uwanja akiwaonyesha kwa bakora. Tukaigeuza nyumba. Mlango ukawa nyuma na baraza ikawa nyuma, vyumba vikawa mbele. Ilipokauka nikapanga kikaango changu kwenye baraza mpya na makuli wa bandarini wakaja wengi kuliko zamani. Salumu akaja na ramani yake, akasimama ndani, akasimama nje, akaizungusha karatasi, akasema, "Mama Zuhura, katika mji mzima nyumba iliyo sawasawa ni hii." Bwana mkubwa mwenyewe alikuja kunipa mkono, na mkono wangu ulikuwa na mafuta. Usiku ule nililala usingizi mzito. Nilisema, alhamdulillahi, mdogo wangu ana akili.

Kabla udongo haujamaliza kupasuka, Salumu akarudi mbio. Jasho linamtoka, anatabasamu. Akaniambia, "Mama Zuhura, furahi! Maombi yenu yamekubaliwa."

Nikamuuliza maombi gani.

Akaniambia kwamba mwezi wa Mei ofisi ilipokea barua kutoka Tanga, nzuri mno, ya bwana Ismaili bin Nampunda, mjomba wa nyumba. Ilieleza kwamba dada yake ni mjane dhaifu, asiye na nguvu ya kuinua hata kinu, sembuse kugeuza nyumba, kwa hiyo ofisi kwa huruma yake ibadilishe rangi, nyuma pawe kijani na mbele pawe nyekundu. Bwana mkubwa alihuzunika sana. Aliipeleka Dar es Salaam yeye mwenyewe. Imerudi na muhuri.

Kwa hiyo sasa, ewe mwenye akili, mbele penye vyumba vyangu ni pa kuuza, na nyuma penye baraza yangu ni pa kulala. Nilimwambia Salumu warudishe rangi zao za kwanza. Alinitazama kwa huzuni akasema ofisi haiwezi kubadilisha ramani kila siku, watu watasema haina msimamo.

Maulidi inakaribia. Udongo nimeumaliza, na wakwe zangu nimewaona wakinikwepa njiani. Nina hasira nawe kuliko niliyonayo na ofisi. Ofisi hainijui, wewe unanijua. Kwa nini unaweza kuandika hadi kwa wakubwa lakini huwezi kupanda meli?

Zuhura


Tanga, 3 Septemba 1950

Dada yangu,

Hasira zako zimefika kabla ya barua. Una haki. Lakini angalia kwa makini: mipango yangu yote miwili ilifaulu. Ni bahati mbaya tu kwamba ilifaulu pamoja.

Nakushauri uigeuze tena. Safari hii nakuapia sitaandika kwa mtu.

Kama wakwe hawataki kukandika, basi jaribu kuongea na Salumu, muulize kama kuna kifungu kingine. Sheria za mji zina vifungu vingi, na mtu hupotea kwa kukijua kimoja na kutokukijua cha pili. Nakuambia hili kwa moyo wangu wote. Usiwangoje waje. Wakija hawachukui muda mrefu. Huwa wanaanza na mlango.

Kuja haiwezekani. Mambo yangu ya nyumba yananizuia.

Hassani mwana wa mzee Selemani anarudi huko na meli ijayo. Nimempa kanga yako, na kofia ya mzee wake. Ni mtu wa porojo, usimsikilize sana.

Ismaili


Mtwara, 15 Oktoba 1950

Mdogo wangu Ismaili, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu salamu ya kweli. Sisi wazima. Kanga nimeipokea, nimeivaa, imenipendeza.

Kwanza nikupe habari za nyumba, ili moyo wako utulie. Nilifanya ulivyosema, nikamuuliza Salumu kama kuna kifungu kingine. Akaja na kitabu chake, akakaa, akala vitumbua, tukakisoma jioni nzima, yeye akitafsiri na Mama mkubwa akimpinga. Baraza ya nyuma nimeizungushia fito na kuikandika, na safari hii nimekandika mwenyewe na Mama mkubwa akinirushia udongo. Imekuwa chumba chetu sisi wawili, na ni pa kulala kihalali. Vile vyumba vya mbele nimetoboa dirisha kubwa linalotazama barabara, hapo ndipo ninapouzia. Ofisi imeridhika. Kimebaki kitu kimoja tu, kile chumba cha pembeni upande wa mbele, kwa sababu nimeweka kitanda.

Salumu aliniambia, "Mama Zuhura, toa kitanda hicho, yamekwisha." Nilikataa. Akanisihi. Nikamwambia afungue ule ukurasa aliousoma haraka haraka. Umeandikwa kwamba katika eneo la biashara haruhusiwi mtu kulala, isipokuwa mlinzi wa mali, mmoja, mwanamume, na chumba chake. Mama mkubwa akauliza ni mlinzi gani huyo ambaye katika watu wote ndiye aliyeruhusiwa kulala. Salumu akasema sheria haikusema analala, imesema ana makao. Akaandika. Akauliza jina la mlinzi. Nikamtajia lako.

Basi sasa wewe ni mlinzi wa vitumbua, umepigwa muhuri. Lakini wamenipa sharti: mlinzi asipoonekana kabla ya Maulidi, watasema nimedanganya ofisi, na upande wote wa mbele utavunjwa, pamoja na dirisha langu na riziki yangu. Nilikubali. Salumu alishangaa, lakini nilikubali.

Sasa la pili. Hassani alikuja kutusalimu. Mama mkubwa akamuuliza habari za nyumba yako ya bati. Hassani hajui kudanganya, akakitazama kikaango. Nikamtoa nje nikamwuliza. Ameniambia kwamba nyumba yako waliivunja mwaka juzi, kwa sababu ulijenga pa kulala mahali walipopaka rangi ya kuuza, na kwamba ulikuwa umesimama hapo hapo na kitabu cha sheria mkononi ukiwasomea wakati wanaanza na mlango. Ameniambia tangu siku hiyo uko kambini kwenye mkonge, kitanda kimoja mnapokezana na mtu wa zamu nyingine, akiamka yeye ndipo unalala wewe.

Nililia, Ismaili. Nililia kwa sababu nilikuwa nakutukana kila mwezi, nawe unanishauri jinsi ya kuokoa nyumba.

Sikuulizi kwa nini hukusema. Watu wa hapa hawajui kitu, na Hassani nimemwapisha. Wakiuliza, nitawaambia nimemwandika ndugu yangu kazi, na kweli nimekuandika.

Chumba kina dirisha dogo upande wa mashariki. Njoo.

Dada yako,
Zuhura


Tanga, 12 Novemba 1950

Dada Zuhura,

Salamu kwako, salamu kwa Mama mkubwa Somoe, salamu kwa karani Salumu.

Barua yako ilinifikia nikiwa nangoja yule mwenzangu aamke. Nikaisoma nimesimama. Nilipoimaliza alikuwa ameshaamka, akaniambia kitanda hicho, lala. Sikulala. Nilikwenda kwa nyapara nikamwambia natoka. Hakuniuliza kwa nini. Kumbe hakuwa ananitegemea hata kidogo.

Kuna maswali ya kikazi. Je, mlinzi anapewa rungu na mwajiri au anakuja nalo? Na vitumbua vilivyobaki jioni ni mali inayolindwa, au mlinzi anaruhusiwa kuvila? Nijibu ana kwa ana, maana barua yako haitanikuta. Napanda meli Jumatano, nitashukia Lindi, toka hapo nitakuja hata kwa miguu. Maulidi haitanitangulia.

Waambie ofisini wasiguse kitu. Na usinipokee na watu, dada, sina mzigo wa kubebwa. Niachie mlango wazi tu. Nimechoka kungoja mtu aamke ndipo nilale.

Mlinzi wako,
Ismaili